Mtoto wa miaka 6 alikanyaga msumari Jumapili, bado kuna hatari ya tetanasi?

Mkazi_wa_Umoja: Habari za jioni wadau. Nina kijana wa miaka 6, Jumapili alikuwa anacheza na wenzake kwa mjengo ulio nyuma ya ploti yetu akakanyaga msumari, ukapenya patipati ukaingia kwa kisigino. Niliuchomoa, damu ikatoka kidogo tu, nikamwosha na maji ya chumvi, na jamaa wa kemisti akanipa amoksilini na ile dawa ya zambarau ya kupaka. Leo ni Jumatano, kidonda kimejifunga juu, anatembea, anakula, hana homa. Msumari ulikuwa na kutu. Swali langu ni moja tu, kama siku tatu zimepita bila kitu si tumeshavuka? Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Fundi_Mawe: Pole sana baba. Mimi niko kwa mjengo miaka mingi, Syokimau, Ruaka, kote huko, na misumari nimeikanyaga sana. Foreman mzuri anakutoa pesa ya sindano siku hiyo hiyo, mbaya anakwambia umwagie mafuta ya taa urudi kazini. Lakini mimi ninachotaka kujua, huyo kontrakta mbona hakuzungushia mabati? Mbao zikitolewa misumari lazima ing'olewe ama igongwe ilale. Mtafute, alipe matibabu yote.

Mama_Zawadi: Tuambiane ukweli, watoto siku hizi wanazurura tu. Mtoto wa miaka 6 anafanya nini mjengoni Jumapili na mzazi yuko nyumbani? Wetu tulikuwa tunajua wako wapi kila saa.

Sista_wa_Zamu: Baba pole. Hapana, hamjavuka. Dalili za tetanasi, yaani pepopunda, kwa kawaida hutokea kati ya siku ya 3 na ya 21, wengi ni kama wiki moja na kitu baada ya kuumia, kwa hivyo Jumatano ndio mwanzo tu. Halafu hiyo kutu wacha kuiangalia, kutu yenyewe haileti ugonjwa. Mdudu anakaa kwa udongo na kwa mavi ya wanyama, na huko nyuma ya ploti mbuzi na kuku hawakosi, msumari kazi yake ni kumpeleka ndani kabisa mahali hewa haifiki, na hapo ndipo anapopenda. Mkwaruzo mkubwa unaotoa damu na kuoshwa vizuri haunitishi kama katundu kadogo kalikojifunga juu. Sasa fungua kitabu cha kliniki uniambie, sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zile zenye chanjo ya tetanasi, alipata zote?

Mkazi_wa_Umoja: Asante sista. Kitabu hakiko karibu, tulihama. Lakini huyu mtoto ana afya sana, hajawahi kulazwa hata siku moja. Na hii amoksilini si itaua huyo mdudu?

Shosh_Githurai: Kijana wangu, hii kitu usicheze nayo. Kakangu aliondoka nayo nikiwa msichana mdogo, alijikata na jembe kidogo tu mguuni, kidonda kikapona hata tukasahau. Siku moja akasema taya zimekaza, hawezi kutafuna githeri. Kesho yake mlango ukibishwa anakakamaa mwili mzima, mgongo unapinda kama upinde, na akili zake ziko sawa kabisa, anakuangalia tu. Watu wakasema amerogwa, mbuzi akachinjwa. Hospitali tulifika tumechelewa. Mpaka leo sipendi mlango ukigongwa kwa nguvu.

Fundi_Mawe: Lakini si walitangaza pepopunda imeisha Kenya? Nakumbuka redioni.

Sista_wa_Zamu: Pole sana shosh. Fundi, walichotangaza kimepungua ni ile ya watoto wachanga na akina mama wanaojifungua, kwa sababu ya chanjo. Mdudu mwenyewe haishi, yuko kwa udongo. Na wewe baba hujanijibu, sikuuliza kama ana afya. Amoksilini haiwezi kuondoa sumu ambayo mdudu ameshaimwaga mwilini. Alichanjwa ama hakuchanjwa?

Mkazi_wa_Umoja: Sawa. Hakuchanjwa. Hata moja. Mama yake alikataa, na ana sababu zake, dadake alidungwa ile ya tetanasi wakati wa kampeni ya 2014 na baada ya hapo mimba zikawa zinatoka, nyinyi nyote mnakumbuka maaskofu walisema ina homoni ya kuzuia wanawake kuzaa. Kwa hivyo msinirukie. Nimeshapanga Jumamosi nampeleka kwa nyanya yake Kitui, kuna mzee huko anatoa dawa ya mizizi ya vidonda na ameponya wengi, hata nauli nimeshalipa. Nilitaka tu kujua kama anaweza kungoja mpaka Jumamosi.

Mama_Zawadi: Kungoja!!

Askari_Jioni: Mimi niko upande wa baba kidogo. Maaskofu wa Katoliki si watu wa kuropoka, walisema wamepima wakapata homoni ndani. Serikali hii mnaiamini na nini?

Sista_wa_Zamu: Walisema, ndio, na Wizara ya Afya, WHO na UNICEF wakakana. Lakini hata ukichukua upande wa maaskofu, maneno yao yalikuwa juu ya ile kampeni ya wanawake wa miaka 14 hadi 49. Sindano za mtoto wa wiki sita hazikuwa kwa hayo mabishano. Shemeji yako kupoteza mimba ni uchungu ambao simwombei yeyote, na mimba hutoka kwa sababu nyingi. Ila kisigino cha huyu mtoto hakiwezi kulipia hayo. Usingoje Jumamosi. Mizizi haifuti sumu.

Mpekuzi_254: Hebu simameni kwanza. Huyu huyu mkazi wa Umoja mwezi wa nane alikuwa hapa anaomba majina ya mtoto wake wa kwanza, msichana, tukampongeza wote. Sasa kijana wa miaka 6 ametoka wapi? Na mama wa mtoto "alikataa," kwani mama haishi hapo asijibu mwenyewe leo? Naona hadithi inajengwa, kesho tutapewa nambari ya M-Pesa ya kuchangia ICU.

Askari_Jioni: Kumbe! Nimeenda nikaangalia, kweli ni mtoto wa kwanza aliandika.

Mama_Zawadi: Na mimi nimepandisha presha bure. Admin funga huu uzi.

Shosh_Githurai: Kama ni uongo Mungu anaona, mimi nimeeleza mambo ya kakangu ambayo huwa sielezi.

Mkazi_wa_Umoja: Sitaki pesa ya mtu. Yule msichana ni wangu wa kwanza wa kuzaa. Huyu kijana ni wa mke wangu, nilimpata naye, na alikuwa analelewa na nyanya yake mpaka Januari. Mke wangu yuko Saudia anafanya kazi za nyumba, aliondoka msichana akiwa mdogo, na ninaweza kuongea naye usiku tu wakimrudishia simu. Neno moja aliniachia ni huyu mtoto asidungwe. Nikimpeleka, nimevunja neno lake akiwa mbali na hawezi kufanya lolote. Nisipompeleka na kitu kitokee, nitasemaje, na watu wake watasema nilimwacha kwa sababu si damu yangu. Ndio nikasema nimpeleke kwa nyanya yake, wao waamue. Mpekuzi hapo umefurahi?

Mpekuzi_254: Sijafurahi. Mpeleke bro.

Mama_Zawadi: Baba naondoa maneno yangu ya juu. Dadangu alikuwa Jeddah, hizo simu za usiku nazijua.

Sista_wa_Zamu: Baba, Kitui ni siku zingine za kungoja na huyo mtoto yuko mikononi mwako leo. Wewe ndiye mzazi aliye hapo. Nenda hospitali ya Mama Lucy usiku huu, kasualti haifungwi. Ukifika sema hivi: kidonda cha kudungwa, kichafu, tangu Jumapili, na hajawahi kuchanjwa hata mara moja. Usiseme tu "sindano ya tetanasi," kwa sababu watu wanapewa ile moja wanarudi nyumbani. Yeye anahitaji mbili. Chanjo inafundisha mwili kujitengenezea kinga na hiyo inachukua wiki kadhaa. Ya pili ni imunoglobulini, kinga iliyotengenezwa tayari, inafanya kazi mara moja. Hii ya pili haipatikani kila mahali, ikikosekana waulize iko wapi na uifuate.

Fundi_Mawe: Niko Donholm na boda yangu, kama hauna gari niandikie inbox.

Mkazi_wa_Umoja: Tumetoka sasa hivi. Daktari alifungua kile kidonda akakuta ndani kipande cha raba ya patipati, kidogo kama punje ya mchele, na usaha. Wamesafisha, wamemdunga mapaja yote mawili. Imunoglobulini haikuwepo, Fundi amenibeba mpaka duka la dawa tukanunua tukarudi nayo. Kijana amelia sana lakini sasa amelala. Mama yake bado sijamwambia.

Sista_wa_Zamu: Umefanya vizuri sana. Mpaka siku 21 ziishe, kila asubuhi mwambie afungue mdomo wote na ameze maji ukiangalia, na shingo ikikaza ama taya zikigoma usinunue dawa, mrudishe saa hiyo hiyo. Chanjo ya pili ni baada ya wiki nne, ya tatu miezi sita baada ya hiyo ya pili, asikose hata moja. Na mama yake mwambie leo usiku akipata simu, umtajie kile kipande cha raba kwanza, kabla jirani hajampigia.