Pemba: shamba la kilimani au la bondeni, lipi nichukue?

mtu_wa_kusini
Assalam alaykum. Nna vijisenti nataka shamba, nimeonyeshwa mawili huku kusini Pemba. Moja juu kilimani, jengine bondeni karibu na mpunga. La juu bei nafuu kidogo. Mmoja kanambia juu udongo umechoka, mwengine anasema juu ndo kuzuri. Mwenyewe anataka jibu Ijumaa.

BintiWete
Waalaykum salaam. Yakhe unauliza bei ya samaki hujasema samaki gani 😂 Unataka kupanda nini? Hapo juu palilimwa nini? Eka ngapi?

Kinamo
Bonde, usiulize mara mbili. Masika yote inateremsha udongo mzuri kutoka juu unakujia bure. Mie nna migomba na majimbi bondeni mwaka wa 6 huu sijanunua hata kiroba cha mbolea.

mkarafuu_wa_babu
Na karafuu ukaipande kwenye maji? Mkarafuu ukituamiwa na maji unakufa umesimama. Wazee hawakuwa wajinga kuupandisha vilimani.

Moshi_Chake
Mie nimekaa Kilimanjaro, kule ukizidi kupanda mlima udongo unazidi kuwa mweusi. Chukua la juu.

bwanashamba_mstaafu
Ndugu, Pemba si Kilimanjaro. Kule udongo wa volkano, halafu juu kuna baridi, majani yanaoza polepole ndo mboji inajazana. Vilima vyetu hivi havifiki hata mita 200, joto la juu na la chini lile lile. Kinacholeta tofauti hapa ni mteremko na mtu alichofanya juu yake. Chini ya mikarafuu ya zamani majani yanarudi ardhini mwaka mzima. Ukifyeka ukaweka muhogo mfululizo, potasiamu inaondoka na muhogo ndani ya gunia, kilichobaki mvua inabeba. Kilima kinasingiziwa tu.

nshaungua
Nkupe yangu. Niliuziwa shamba kilimani, nimeenda kiangazi udongo mwekundu unapendeza, mwenyewe ananambia hapa hata ukipanda jiwe linaota. Sikuuliza kitu. Kumbe muhogo miaka na miaka hapajapumzishwa. Nikafyeka mpaka kijiti cha mwisho, matuta nikayapiga kushuka na mteremko maana vibarua walisema ndo kazi nyepesi, nikatia mahindi na urea mifuko miwili. Masika wiki ya kwanza tu ikanyesha usiku kucha, asubuhi nakuta mifereji mguu unaingia mpaka gotini, urea yangu yote iko kwa jirani bondeni. Mahindi yaliyobaki yakatoka njano kama mgonjwa wa manjano. Jirani ndo alovuna, na akaniletea mahindi mawili ya kuchoma, wallahi mpaka leo sijui alikuwa ananishukuru au ananicheka.

Kinamo
😂😂 huyo jirani ni mie

BintiWete
Ndo maana nkauliza palilimwa nini. Mleta mada uko wapi?

mtu_wa_kusini
Nipo, nilikuwa msikitini. Juu kuna mikarafuu mikubwa kama 30, upande mmoja muhogo. Bondeni majani tu. Nafikiria karafuu, au vanila, au tungule (nyanya). Eka sijapima.

bwanashamba_mstaafu
Karafuu na tungule hata haviulizwi pamoja. Chota udongo sehemu kama kumi kina cha jembe, wa mikarafuu mbali wa muhogo mbali, usichanganye, kapime. Bondeni chimba shimo uone maji yako wapi.

mkarafuu_wa_babu
Afu unanunua ardhi au miti? Ardhi ya serikali, siye tunauziana mikarafuu. Isije ikawa eka tatu ya mtu, zile za kugaiwa na serikali.

Kinamo
Usianze siasa za eka tatu hapa

mkarafuu_wa_babu
Siasa gani, si tuligaiwa baada ya mapinduzi ya 1964? Namwambia asome karatasi.

Moshi_Chake
Kwani uwandani Micheweni hutaki? Bei ya chini kabisa.

BintiWete
Uwandani jembe linalia ngi! ngi! juu ya mawe. Mkarafuu utasimama wapi?

mtu_wa_kusini
Mwenyewe kanipigia sasa hivi, anasema katokea mtu mwengine analitaka la juu.

Kinamo
Wote husema hivyo