Lugalo: jiwe liandikwe jina la nani?

Hoja: Pale Lugalo, barabara ya Iringa kwenda Dar, Wajerumani walijenga mnara wa kumkumbuka kamanda wao Emil von Zelewski na wenzake waliouawa na Wahehe 17 Agosti 1891. Upande wetu tukisimamisha jiwe la kamanda, ni la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, au la ndugu yake Mpangile?

Wa Kalenga: Kamwene, ndugu zangu. Mimi nasema Mpangile. Nishani ya uongozi vitani apewe aliyekuwa uwanjani, na Uhehe humtaja yeye, ndugu yake Mkwawa. Tazameni kazi yenyewe. Zelewski alikuja na askari 300 na ushee, wapagazi na mizinga. Lakini mizinga ilikuwa imefungwa juu ya punda, bunduki nyingi hazina risasi ndani, na msafara unapita njia nyembamba mmoja mmoja. Wahehe wamelala majanini na nyuma ya mawe. Mwenye mkuki akichomoka mbali, bunduki inamwahi. Akichomoka karibu, askari hapati nafasi hata ya kujaza risasi. Kuwazuia maelfu ya vijana wenye hasira wasinyanyuke mapema, huo ndio ukamanda. Vita viliisha kwa dakika chache.

Mwalimu wa historia, Mafinga: Kaka, kilichoharibika umekiruka. Shambulio lilianza mkia wa msafara haujaingia mtegoni, ndiyo maana Luteni Tettenborn na walinzi wa nyuma waliokoka. Halafu Mpangile alijisalimisha. Wajerumani walimtawaza mwishoni mwa 1896. Mkwawa aliendelea kupigana porini mpaka alipojipiga risasi Mlambalasi, Julai 1898.

Wa Kalenga: Mwalimu, malizia basi. Februari 1897 hao hao waliomtawaza walimnyonga, wakimshuku kwamba anamsaidia Mkwawa kichinichini. Sioni msaliti hapo. Na hata angekuwa amechoka, aliyoyafanya Lugalo yanabaki yake.

Wa Mbarali: Shikamooni. Jiwe liwekeni, ila lisiandikwe "shujaa wa Nyanda za Juu Kusini". Huku Usangu, Wahehe waliwafukuza watu kwenye makao yao, na Merere, mtawala wa Wasangu, akaungana na Wajerumani kwa sababu hiyo. Bibi zetu hawakuyaita hayo ukombozi. La pili, pimeni uongozi mpaka mwisho. Baada ya kushinda kwa kuvizia, Mkwawa alijifungia Kalenga, makao yake makuu, nyuma ya ukuta wa mawe. Ukuta hauhami. Mizinga iliyokosa kazi Lugalo ikapata shabaha, na 30 Oktoba 1894 boma likaanguka. Gavana von Schele alivishwa nishani ya Pour le Mérite kwa ushindi huo.

Mwalimu wa historia, Mafinga: Marahaba. La Usangu nakubali, neno "Nyanda za Juu" litoke. La ukuta nalikubali nusu: baada ya Kalenga alirudi kwenye vita vya porini, na Wajerumani walihangaika naye karibu miaka 4. Jina la Mkwawa sitoi.

Wa Kalenga: Nami la Mpangile sitoi. Kama lazima yawe mawili, liandikwe wazi nani alikuwa mtawala na nani aliongoza vita siku ile. Na chini yao waandikwe Wahehe waliokufa baadaye kwa majeraha ya risasi, maana mpaka leo mnara uliopo pale ni wa Zelewski.