Posho ya muhula wa Ulaya: kiwanja Chanika au tiketi ya treni?

Mleta mada

Wadau, nimerudi kutoka Bayreuth, Ujerumani, nilikokwenda kusoma muhula mmoja wa kiangazi kwa udhamini wa Erasmus+. Tangu nirudi kuna ubishi nyumbani ambao hauishi. Wanasema nimekwenda kula bata. Mwenzetu mmoja aliyepata nafasi kama hiyo kabla yangu alijibana kweli kweli, akarudi na kiwanja Chanika, pembeni mwa Dar, na jina lake linatajwa kila nikikaa na wajomba. Mimi nimerudi na masomo yangu yote nimefaulu, marafiki, na picha za Salzburg. Nauliza hadharani: ile posho ni ya nini hasa?

Kwa wasioijua, Erasmus ni mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ulioanza 1987 na wanafunzi 3,244 wa nchi 11 za Ulaya. Siku hizi unachukua na sisi wa huku, kwa makubaliano ya chuo na chuo. Unalipiwa nauli, na unapewa posho ya kati ya yuro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi unayokwenda. Ni zaidi ya milioni mbili za Kitanzania, na hapo ndipo watu wanapotoa macho. Anayesubiri boom, ile hela ya kujikimu ya bodi ya mikopo, akisikia hesabu hiyo anaona umeukata. Haoni kodi ya chumba. Haoni bima ya afya inayopita yuro 100 kwa mwezi. Haoni ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba, hata kama humo ndani hamna hata redio ya mkulima.

Inayobaki si haba, sikatai. Ubishi wangu ni kwamba ukiifungia yote, unajifungia na wewe. Bayreuth ni mji mdogo. Ijumaa mchana wanafunzi wengi wa Kijerumani pale bwenini wanafunga mabegi, wanakwenda kwa wazazi wao. Jumapili maduka yamefungwa, korido kimya, jikoni umebaki wewe na sufuria yako. Kama huna pa kwenda wala mtu wa kwenda naye, unashinda WhatsApp na watu wa nyumbani tangu unaamka. Mtasema basi huyo ndiye anayepiga msuli. Nimekaa nao. Wanaangalia mechi, wanalala, Jumatatu wanaingia semina hawajasoma chochote na hawana wa kumuuliza.

Na safari zenyewe si hizo mnazodhani. Jimbo la Bavaria lina tiketi ya siku moja ya treni za kawaida, Bayern-Ticket, mnayoweza kuitumia hadi watu watano, mkachangiana. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, na inakufikisha mpaka Salzburg, upande wa pili wa mpaka wa Austria. Sharti majina yenu yaandikwe kwenye tiketi. Basi ukitaka kwenda kwa bei rahisi, lazima utafute watu. Mimi niliyekuwa naona haya kusalimia darasani ilibidi nigonge milango: Mturuki wa chumba cha jirani, Mghana mmoja, na dada wa Kijerumani anayesoma Kiswahili, maana Bayreuth wanakifundisha na kila mwaka wana kongamano lao la Kiswahili. Wasilisho letu la semina tulilipanga kati ya Nürnberg na Munich, karatasi zimetandazwa kwenye meza ndogo ya treni, Mghana anabishana na kila mtu. Hilo ndilo somo nililopata alama nzuri kuliko yote.

Karibuni mnipinge.

Mtu wa Hesabu

Mkuu, umeandika vizuri na nimesoma mpaka mwisho. Lakini Salzburg haipandi bei. Kiwanja kinapanda.

Nafasi ile hukuipata peke yako. Kuna watu waliuza vitu ili ufike chuo. Leo umepata miezi michache ya kushika hela ambayo kwa mshahara wa kuanzia hapa Bongo hutaishika, halafu unatuambia urafiki na Mturuki. Huyo Mturuki atakulipia ada ya mdogo wako? Tena sheria ya Ujerumani inamruhusu mwanafunzi wa nje kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka. Mwenye akili angebeba boksi, yaani kazi za mikono, Jumamosi, akasoma Jumapili hiyo unayosema imefungwa. Hakuna aliyekufa kwa kutokwenda Austria.

Aliyekuwa Uppsala

Naona mnabishana kana kwamba njia ni mbili tu. Mimi nilikuwa Uswidi, sikununua kiwanja na sikuzunguka Ulaya.

Uppsala wanafunzi wana vyama vinavyoitwa "nation", vipo 13, vingine ni vya tangu karne ya 17, vina majina ya mikoa ya Uswidi. Unajiunga na kimoja. Vina jikoni, baa, kwaya, chakula cha bei ya mwanafunzi, na kazi zote wanazifanya wanafunzi wenyewe. Nilijiandikisha jikoni. Ukishamenya viazi na mtu saa tatu mfululizo, hata kama Kiingereza chenu hakikutani vizuri, kesho yake atakuita kwa jina maktabani. Urafiki wa bure kabisa, na nilikuwa narudi nimekula.

Ila mleta mada ujue kuwa ratiba zinatofautiana. Uswidi kozi nyingi zinakwenda moja baada ya nyingine: unasoma moja kwa wiki kadhaa, unafanya mtihani, unaanza nyingine. Kwa hiyo siku za kupumua zipo, ni baada ya mtihani. Mtu akisafiri katikati ya kozi ya wiki tano ameikosa kozi nzima. Ushauri wako wa kila wikendi kwenye treni, ungenifelisha.

Mhadhiri

Nimeratibu wanafunzi wa kubadilishana kwa miaka kadhaa, niseme ninachokiona kwenye mafaili.

Mwanafunzi anayekwenda Ulaya anatakiwa muhula mmoja achukue krediti 30 za ECTS, mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya. Akilinganisha na 60 alizozoea kwetu, anadhani amepunguziwa mzigo nusu. Sasa tupige hesabu. Kwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, hivyo 60 ni saa 600. ECTS moja ni saa 25 hadi 30, hivyo 30 ni saa 750 hadi 900. Mzigo umeongezeka! Na nyingi ya saa hizo si za darasani. Ratiba yake inaonyesha vipindi vichache kwa wiki, anaona nafasi tele, na hapo ndipo zinapoingia safari za mmoja na shifti za boksi za mwenzake. Mtu wa Hesabu, hizo siku 140 zako zinakula saa zilezile.

La pili linawahusu zaidi wanaokwenda Ujerumani kusoma lugha, historia, sosholojia na jamaa zake. Kozi nyingi huko haziishi kwa mtihani wa siku moja. Zinaisha kwa andiko la kurasa kumi na tano, ishirini, na mara nyingi tarehe ya kulikabidhi ni wiki kadhaa baada ya vipindi kwisha. Vipindi vya kiangazi vinakwisha Julai. Mwanafunzi wetu anapanda ndege Agosti, andiko analo kichwani, anasema nitamalizia nyumbani. Nyumbani kuna misiba, kuna harusi, umeme unakatika, maktaba ile haipo. Andiko haliandikwi. Matokeo hayaji, sisi hatuna cha kuingiza kwenye mfumo, na wenzake wanahitimu yeye anabaki anazungushwa ofisi hadi ofisi. Waliokwama mbele yangu wengi wao ni hao, na humo wamo waliosafiri na wasiotoka chumbani.

Kwa hiyo ugomvi wa kiwanja na treni kwangu ni wa pembeni. Ule mkataba wa masomo mnaousaini pande tatu, wewe, chuo chako na chuo mwenyeji, unaweza kurekebishwa wiki za mwanzo. Wiki hizo uliza kila mwalimu: kozi yako inaisha kwa nini, na lini? Wengi wiki hizo wanatafuta laini ya simu na sehemu ya kununua unga.

Mama wa Tanga

Wanangu, mimi nina binti Finland sasa hivi. Sikumwomba hela hata siku moja. Amekuwa akituma mwenyewe, nikapiga rangi nyumba, nikashukuru. Juzi mwenzake akaniambia binti anakula mlo mmoja na hatoki. Nimemwambia asitume tena. Amenuna! Anadhani nimeambiwa maneno. Sasa nyie mnaosema watoto watume hela, na wao wanaona haya kusema haiwatoshi, mnataka tujuaje?

Mkenya Msafiri

Nawasalimu nyote. Niongeze tu la karatasi, maana naona Salzburg inatajwa kama kwenda Nairobi kutoka Thika. Kibali cha kuishi Ujerumani kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zilizokubaliana kufungua mipaka baina yao, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ireland haimo. Uingereza haimo. Kuna wanaokata tiketi ya London kwa sababu ni rahisi, wanarudishwa uwanjani. Na mpaka wa Austria na Ujerumani una ukaguzi tangu 2015, polisi wanapanda treni, kwa kawaida pale Freilassing, stesheni ya mpakani upande wa Ujerumani. Mlango wa behewa ukifunguka, anayeulizwa karatasi kwanza mnamjua. Wenzako Wajerumani watasafiri na kitambulisho mfukoni au bila chochote. Wewe beba pasipoti na kibali, vyote viwili, kila mara. Na ukae na rafiki zako, usikae peke yako behewa lingine.

Mleta mada

Mwalimu, ahsante. Hilo la andiko ni kweli tupu. Sisi tuliokuwa tunasafiri pamoja tulikubaliana maandiko yaishe kabla ya mtu wa kwanza kuondoka, na dada wa Kijerumani ndiye aliyekuwa anatufokea. Alikuwa na mazoea ya kuamka, kwenda maktaba, kutoka saa sita kula, kurudi. Tulimfuata tu. Sasa niambieni, bila zile treni ningempata wapi mtu wa kunifokea?

Aliyekuwa Uppsala, sikusema kila wikendi. Na jikoni yako naikubali, nasi Bayreuth tulipika sana. Ila ukumbuke kuna hatari ya kupika: ukianza na Wabongo wenzako mtaishia humo humo, ugali na taarifa ya habari ya nyumbani, mpaka muhula unaisha.

Mama wa Tanga, nimekusikia. Mpigie simu ya video wakati wa kula, utaona sahani.

Mtu wa Hesabu, jamaa wa Chanika hakufeli, namheshimu. Lakini muulize jina la mtu mmoja aliyesoma naye kule. Mimi nikitaka barua ya utambulisho kwa shahada ya pili, au mtu wa kunisomea pendekezo la utafiti usiku wa leo, ninao. Hicho nacho ni kitu, ingawa hakina hati.

Mtu wa Hesabu

Barua utaandikiwa na profesa, si na Mghana. La maandiko nimelipokea kwa mwalimu, hata wa boksi wamalize kabla ya ndege, sawa. Lakini swali langu la kwanza umelikwepa kijanja. Ada ya mdogo wako muhula ule alilipa nani?

Mleta mada

Kaka yetu mkubwa. Na ndiye anayeongoza kunisema.

Mtu wa Hesabu

Basi kaka ana haki ya kusema. Nipe namba yake tumuingize kwenye huu uzi.