Naomba ushauri: 12 Aprili ina mambo mengi, manila ni moja

Wakuu habari za jioni. Binti yangu yuko la sita huku Mbagala, mwalimu kawaambia kila mtu achague tarehe aandike kwenye manila mambo yaliyotokea siku hiyo, yeye kang'ang'ania 12 Aprili kisa ndo bethdei yake. Sasa mambo yamejaa kweli, 1961 Gagarin wa Usovieti anakuwa mtu wa kwanza kwenda anga za juu, kaizunguka dunia na kurudi ndani ya dakika 108, afu miaka 20 baadae tarehe ileile Wamarekani wanarusha chombo chao cha anga za juu, Columbia. 1955 chanjo ya polio ya Salk inatangazwa kwamba ni salama na inafanya kazi. Na 1984 ndo Waziri Mkuu wetu Sokoine kafariki kwa ajali ya gari kule Dakawa, Morogoro, akitokea Dodoma.

Shida ni kwamba keshachora roketi kubwa kwa maka peni nyekundu katikati, Sokoine kabanwa kwenye kona chini kama tangazo la chumba cha kupanga. Bibi yake kanuna, anasema Sokoine akae juu. Mi naona msiba na roketi haviendi pamoja. Walimu mliomo humu, tupange kwa miaka au ya nyumbani yatangulie? Manila ya pili sinunui, na inatakiwa keshokutwa.