Tupeane uzoefu: Nini kilikufanya ubaki shuleni, wewe mwalimu au wewe uliyekuwa mwanafunzi?

Mleta mada (Arusha)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 11 kazini, na sasa nasoma shahada ya pili. Utafiti wangu unahusu walimu wanaohama shule za pembezoni na watoto wanaoacha masomo. Nimesoma mengi. Gambia, kwa mfano, mwaka 2006 ilianza kuwalipa walimu wa shule za mbali nyongeza ya asilimia 30 hadi 40 ya mshahara. Watafiti walipopima baadaye walikuta sehemu ya walimu wenye sifa katika shule hizo imepanda kwa takribani pointi 10 za asilimia. Hilo si jambo dogo, na natamani sana walimu wetu walipwe hivyo. Lakini nataka kusikia na yale yasiyopimwa.

Naanza na yangu. Mwaka 2014 nilipangiwa Longido. Basi la Namanga lilinishusha barabarani, kutoka hapo pikipiki saa nzima na zaidi. Nyumba ya mwalimu hakuna, nikapewa chumba nyuma ya stoo, nalala naisikia panya kwenye magunia ya mahindi. Maji yanaletwa kwa punda, dumu kwa hela, na fedha za kujikimu bado hazijatoka. Wiki ya pili nilikuwa nimeshaandika barua ya uhamisho, nimeikunja ndani ya andalio la somo.

Asubuhi moja nikakuta kidumu cha lita 10 mlangoni, kimejaa, kimezibwa kwa gunzi. Wiki iliyofuata tena. Wiki ya tatu niliamka alfajiri nikamvizia. Ni yeyo mmoja, yaani mama wa Kimasai, wa boma la karibu, Kiswahili chake cha kuokoteza. Akaninyooshea kidole mdomoni: binti yake wa kidato cha kwanza amemwambia mwalimu wa hesabu anafundisha midomo imepasuka.

Barua sikuipeleka. Nilikaa miaka 6.

Karibuni. Taja wilaya tu, jina la shule liache.

Binti wa Kahe

Shikamoo mwalimu. Mimi nilipata ujauzito 2019 nikiwa kidato cha tatu, shule ikawa imeishia hapo. Nilikaa nyumbani nauza nyanya na bibi. Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua waruhusiwe kurudi, bibi alisikia redioni akaja shambani mbio, kanga imemvuka kiunoni.

Kurudi ni kitu kimoja, kukaa ni kingine. Nilikuwa nanyonyesha bado. Maziwa yakivuja nguo inalowa kifuani, kwa hiyo nilivaa sweta zito hadi saa saba mchana, na jua la Kahe mnalijua. Wavulana wakanipa jina. Mwalimu wa Kiswahili hakusema neno mbele ya darasa. Alinihamishia dawati la mlangoni, akaniambia kengele ya mapumziko ikigonga nisisubiri ruhusa, nikimbie nikanyonyeshe nirudi. Bibi alikuwa anakuja na mtoto hadi kwenye mwarobaini nje ya uzio. Kama si lile dawati la mlangoni ningeacha mara ya pili. Sasa niko chuo.

Dereva, Ngaramtoni

Mimi sikubaki. Darasa la sita walimu watatu walihama mwaka mmoja. Tulikaa muhula mzima tunanakili kilichobaki ubaoni. Nikaona bora nikauze mayai stendi. Watu husema nilikuwa mtoro, ila mimi naona walianza wao kuondoka.

Mstaafu, Moshi Vijijini

Marahaba wanangu wote. Huyu dereva amesema jambo ambalo sisi tuliokuwa wakuu wa shule tunalijua na hatuliandiki kwenye taarifa. Kwenye fomu tunajaza "utoro", yakaisha.

Shule yangu ya mwisho ilikuwa tambarare, kwenye mashamba ya mpunga. Punje zikianza kujaa, darasa linabaki nusu, watoto wameajiriwa kuwinga ndege. Miaka miwili niliwaita wazazi, nikatishia, nikaandika kwa mtendaji. Wapi! Siku moja nilikwenda mwenyewe shambani na daftari la mahudhurio, nikaita majina juu ya matuta. Watoto wakaitikia, "Nipo mwalimu!" huku wanarusha mawe. Mmoja nikamuuliza kwa nini hapa na si darasani. Akasema hapa saa nne wanapewa makande.

Ndipo nilipoelewa. Elimu bila ada ilipoanza 2016 wazazi wengi walidhani na uji umelipiwa, michango ikakatika, sufuria likapata kutu. Tuliitisha mkutano, kila kaya ikatoa debe la mahindi baada ya mavuno, kina mama wakapika kwa zamu. Sidanganyi kwamba wote walirudi. Wengi walirudi. Na walimu wakawa wanakunywa uji uleule, kikombe kimoja na watoto, jambo lililowapa moyo kuliko nilivyotegemea.

Muuguzi, Arusha Mjini

Kuongezea kidogo: msisahau dawa za minyoo. Kule Busia, Kenya, utafiti wa shule 75 uliochapishwa 2004 ulikuta utoro umepungua kwa robo baada ya watoto kupewa dawa. Mtoto anayeumwa tumbo kila wiki huitwa mvivu bure.

Mwalimu, Karatu

Nasoma visa vyenu nalia, lakini mimi nahama. Hapa wanafunzi wananipenda, nyumba ninayo, ya mbili kwa moja, ina umeme. Mume wangu anafanya kazi Moshi, mtoto wetu ana miaka mitatu na ananiita shangazi. Nimeomba uhamisho mara mbili. Natafuta wa kubadilishana naye. Yeyote anayefanya utafiti na aandike na hili: posho haitanilelea mtoto.

Mleta mada

Dada wa Karatu, nitaliandika kama ulivyolisema. Barua yako haina aibu yoyote.

Dereva, Ngaramtoni

Mwalimu, samahani, yule mama wa kidumu aliendelea?

Mleta mada

Hadi ukame wa 2017, walipohamisha mifugo. Alikuja kuniaga, akanikabidhi binti kwa mkono wake mwenyewe, kidato cha nne, akabaki bweni hadi mtihani. Kidumu aliniachia. Kiko jikoni kwangu mpaka leo, na bado nakiziba kwa gunzi.