Mrejesho: Laptop yangu iliyokuwa ikijikongoja

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza kuhusu laptop yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8 inayochukua dakika sita kuwaka, na programu ya kuandikia inayoganda kila nikifungua faili. Mliosema mchawi ni diski mlipatia. Nilibonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, dirisha linaloonyesha nini kinaielemea kompyuta, nikakuta diski imegota asilimia 100 na RAM bado ina nafasi. Fundi akatoa HDD (diski ya kizamani inayozunguka), akaweka SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) ya GB 256 na kuhamishia kila kitu. Sasa inawaka kabla sijamaliza kukoroga chai.

Ile programu ikaendelea kuganda, kumbe inatafuta printa ya ofisi nilikoacha kazi mwaka juzi! Nimeifuta hiyo printa, haigandi tena. Mkuu uliyeshauri nipige Windows upya, samahani, sikuthubutu.