Mtoto wa miaka 6 na Maporomoko ya Dunn's River: apande au abaki na bibi yake?

Mama wa Wawili (swali)

Habari zenu, ndugu zangu. Mwezi Februari tutakuwa Jamaica kwa likizo: mimi, mume wangu, watoto wetu wa miaka 6 na 11, pamoja na mama mkwe ambaye goti lake la kulia linamsumbua. Siku moja tumeitenga kwa ajili ya Maporomoko ya Dunn's River, karibu na mji wa Ocho Rios, ambako watu hawatazami maji kwa mbali tu bali huyapanda kwa miguu kuanzia ufukweni hadi juu. Nimeona picha za watu walioshikana mikono katika mstari mrefu katikati ya maji, na moyo wangu unasita. Mtoto mkubwa anaogelea vizuri, lakini mdogo bado anajifunza. Naomba waliopanda na watoto waniambie kama huyu mdogo apande au abaki na bibi yake.

Baba Pacha

Dada, mimi nilipanda na wanangu wakiwa na miaka 7, kwa hiyo nakujibu kama mzazi. Kuogelea si jambo la kwanza la kuangalia, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia maji hayapiti magoti ya mtu mzima, ingawa yapo madimbwi yenye kina zaidi ambayo mtoto ni lazima avushwe. Kinachohitajika ni mtoto anayesikia akiambiwa asimame, asiyepaniki maji yakimpiga usoni, na anayeweza kukwea kidato cha mwamba kinachomfika kiunoni kwa kutumia mikono na miguu. Haya unaweza kuyapima kabla hamjasafiri.

Viatu ndivyo ningevisisitiza kuliko vyote. Tafuta viatu vya majini vyenye soli ya mpira, vinavyobana mguu vizuri; kandambili zitachukuliwa na maji kabla hamjafika mbali, na miguu mitupu itachubuka. Hata mkiwa na viatu hivyo, msikanyage penye povu jeupe kabla ya kupapasa kwa mguu, maana povu huficha mashimo. Mwanangu mmoja aliingiza mguu kwenye ufa wa aina hiyo ukakwama, naye akaanza kuuvuta kwa nguvu huku akilia, na kila alivyovuta ndivyo ulivyozidi kubanwa. Nilimwambia aache kuvuta, akunje goti, kisha nikainama nikashika kisigino chake chini ya maji na kukigeuza taratibu kuelekea upande alioingilia. Ulitoka bila jeraha, lakini hadi leo nikikumbuka kile kisigino kidogo mkononi mwangu, nasema mtoto wa umri huo asiachwe hata hatua mbili mbali na mzazi wake.

Mpenda Miamba

Naongeza kuhusu mwamba wenyewe, kwa sababu ukiuelewa utajua pa kukanyaga. Maji ya mto huu hutoka kwenye chemchemi na yamebeba chokaa iliyoyeyuka. Yanaporuka na kugonga mawe, hupoteza hewa ya kaboni, na chokaa hujitenga na kuganda juu ya mwamba, tabaka juu ya tabaka. Hivyo ndivyo vidato vile vilivyojijenga, na vinaendelea kujengeka. Chokaa hiyo ina mikwaruzo inayoshika soli vizuri, hasa pale maji yanapopita kwa kasi. Hatari iko kwenye kingo zenye maji yaliyotulia, ambako ukoga wa kijani huota. Wageni wengi hukimbilia huko wakidhani ndiko salama.

Shangazi Msafiri

Mwanangu, msipande bila kiongozi wa pale, kwa sababu anaujua kila ufa. Kuhusu ule mstari wa kushikana mikono, mimi nina shaka kidogo: unasaidia mtu anayeyumba, lakini mtu mzito akianguka anaweza kumvuta aliye karibu naye. Kwa hiyo mtoto wako asikae kati ya wageni. Baba atangulie, mtoto afuate, wewe uwe nyuma yake, na mshikeni kifundo cha mkono, kwa kuwa viganja vilivyolowa huponyoka. Njia nzima ni kama mita 180, nayo hupanda takriban mita 55, kwa hiyo mtoto akichoka katikati msimlazimishe. Zipo sehemu za kutokea kuelekea kando.

Bibi naye hatakosa mambo, kwani kando ya maporomoko kuna ngazi zenye sehemu za kusimama na kutazama. Februari ni kipindi cha ukavu, tofauti na Mei na Oktoba ambapo mvua huzidi. Hata hivyo, mkiona maji yamegeuka rangi ya tope, ahirisheni. Nendeni asubuhi mapema, na ulizeni kwanza siku ambazo meli za watalii hutia nanga Ocho Rios, kwa sababu siku hizo msongamano hukulazimisha kusimama mahali usipopachagua.

Mama wa Wawili

Nawashukuru sana. Jana tulimpeleka mdogo akakwee mawe, akakwea vizuri, lakini nilipomwambia asimame hakusimama hadi mara ya tatu. Tuna wiki tano za kulifanyia kazi hilo, na asipobadilika ataishia nusu ya njia pamoja na baba yake. Mama mkwe amekwisha kusema kwamba atapanda ngazi hadi sehemu ya kwanza ya kusimama, na kamera itakuwa kwake.